Vipara Thelathini vya Berea

Nimewahi kuwa askari wa jeshi la Marekani. Nilitumikia siku sita, na kila jioni nilirudi kulala kwangu mtaa wa Berea, ghorofa ya tano, lifti mbovu. Nasema hili mapema ili mtu asije akanipa heshima nisiyostahili. Ilikuwa filamu. Watu walikuja Johannesburg kutengeneza picha juu ya vijana wa Kimarekani wanaofundishwa uaskari kwao kabla ya kupelekwa vitani, na wakatafuta watu wa kujaza kambi. Vita gani, hatukuambiwa. Nilimuuliza dada aliyekuwa akigawa buti, akasema hata yeye ameambiwa habari za buti tu.

Kazi yangu ya kweli ni ulinzi. Nasimama kwenye geti la maduka, nafungua, nafunga, naandika namba za magari. Nimetoka Lubumbashi miaka kumi na tatu iliyopita. Mke wangu ni msusi, ana kiti chake katika saluni ya ghorofa ya chini ya jengo letu. Chumba chetu kimegawanywa kwa pazia la maua, na upande wa pili anaishi Mtanzania mmoja anayeuza mikanda na soksi. Ni mtu mwema, ila anakoroma. Yeye ndiye aliyeleta habari za filamu, na tukaandikishwa pamoja.

Wengine waliitaka filamu kwa ujira, wengine kwa kujionyesha. Mimi niliitaka kwa sababu ya macho ya mama yangu. Mama yuko Lubumbashi, na macho yake yameingia ukungu mwaka hadi mwaka. Karatasi zangu za ukimbizi zinaniruhusu kukaa hapa, ila haziniruhusu kwenda kumsalimia na kurudi. Tunapigiana simu za picha, lakini uso wangu kwenye kioo cha simu yeye haupati. "Niko naona tu giza yenye kusema," huniambia. Anachoweza kuona ni vitu vikubwa. Jumamosi wanaonyesha filamu kwenye ukuta wa ukumbi wa parokia, naye huketi kiti cha mbele kabisa, pua inakaribia kugusa chokaa. Aliwahi kunisimulia kwa furaha jinsi alivyoona tundu za pua za mwigizaji mmoja wa Kihindi, zote mbili, na manyoya yake.

Nikawaza: huyo Mhindi ana nini nisichokuwa nacho? Nikionekana hata mara moja, uso wangu wote, ukutani, mama ataniona. Basi hicho ndicho nilichokitaka. Sikumwambia mtu, hata yeye.

Hata kama ningetaka, nisingeweza, maana kulikuwa na karatasi ya kuapa kutunza siri. Ilikuwa na kurasa kumi na moja. Niliisaini kama ninavyosaini karatasi zote za nchi hii, haraka, kabla hawajabadili mawazo. Nilichoelewa ni kwamba anayetoboa siri ya filamu kwa yeyote, mke akiwemo, anaondolewa kwenye picha. Kwa hiyo nilimwambia mke wangu naenda mafunzo ya ulinzi ya daraja la juu. Mtanzania hakumwambia mtu chochote, kwa sababu hana mke, na wateja wa soksi hawaulizi.

Kambi ilijengwa nje ya mji, kwenye uwanja wa mgodi uliofungwa. Kulikuwa na mahema, mabweni ya mbao, bwalo la chakula, na mlingoti wenye bendera kubwa ya Marekani. Tulikuwa thelathini: Wakongo wengi, Warundi wachache, Watanzania, na Mkenya mmoja wa benki aliyechukua likizo na kutuomba tusimpige picha. Kwa mujibu wa hadithi tulikuwa vijana wa miaka kumi na tisa kutoka mashamba ya pamba. Mimi nina arobaini na moja, na Mrundi mmoja alikuwa na mjukuu. Katika jeshi lile lote la Marekani hapakuwa na hata mmoja aliyewahi kupewa viza ya Marekani.

Mwalimu wetu alikuwa mzee wa Kizungu wa hapahapa, mstaafu wa jeshi la hapa, mwenye masharubu na sauti ya kuamsha jirani wa tatu. Tulimwita Sajini. Naye Marekani hakuwahi kufika, lakini alikuwa na kitabu. Alituambia kuwa kuruta wa kweli hulala kambini miezi, haoni mke wala mama, na anachokuwa nacho ni kitanda, bunduki, na barua kutoka nyumbani. Tulitikisa vichwa. Wengi wetu tulikuwa tunaishi hivyohivyo bila bunduki.

Tulianza na kutandika kitanda. Shuka linakazwa mpaka ukitupa sarafu juu yake inadunda. Sajini alitupa yake kitanda baada ya kitanda, haikudunda popote, na kwenye kitanda cha Mrundi mwenye mjukuu ilizama ikapotea, tukaitafuta nusu saa. Ikaja gwaride. Hapo kosa lilikuwa la makanisa yetu, maana zaidi ya nusu ya jeshi lilikuwa wanakwaya. Mguu wa kushoto ulikwenda vizuri, wa kulia ulikwenda vizuri, lakini ilipofika raundi ya pili viuno vikaanza kazi yao, na kule nyuma mtu akashusha sauti ya besi. Sajini alisimamisha kikosi akauliza, kwa Kiingereza ninachokitafsiri kwa adabu, kwa nini jeshi linaingia kanisani na sadaka. Tulijitahidi. Tukienda, viuno vilitulia. Tukirudi, vilisahau.

Kubwa zaidi lilikuwa kufokewa. Sajini alikuja karibu na uso wa mtu, akamtukana mpaka mate yakamfikia, na kuruta alitakiwa amkazie macho na kumjibu kwa kelele. Sasa nani kati yetu alilelewa kumkazia macho mzee mwenye mvi na kumpigia kelele? Tulijibu polepole, tukiangalia buti zake. Siku ya pili alipaliwa katikati ya tusi, akakohoa vibaya, na watu thelathini tukasema kwa pamoja, "Pole, mzee!" Mwongozaji wa filamu, kijana mwembamba aliyekuwa akitutazama kwa mbali, aliketi chini kwenye vumbi akashika kichwa.

Mimi sifa yangu ilikuwa moja tu: kusimama. Miaka kumi na tatu ya geti imenifundisha kusimama bila kujikuna, bila kupiga miayo, bila kuangalia anayepita na kuku wa kuchoma. Wenzangu walitingishika, mimi nilikuwa nguzo. Siku ya nne Sajini alinizunguka mara mbili akanipulizia masikioni. Sikutikisika. Akamwita mwongozaji, wakanong'ona, kisha nikapewa neno la kusema.

Ilikuwa sehemu ya barua. Jumatatu inayofuata kuruta wote wangejipanga, Sajini angesoma majina ya walioandikiwa kutoka nyumbani, na mimi nikiitwa ningejibu, "Nipo, Sajini!" Halafu ningepewa bahasha, barua kutoka kwa mama, na kamera ingesogea mpaka karibu na uso wangu wakati ninaisoma. Dada wa buti alinionyesha kwa mikono ukubwa wa picha, kuanzia nywele mpaka kidevu, hakuna kingine. Nilifurahi mpaka nikamuuliza kama tundu za pua zitakuwemo. Akasema zitakuwemo.

Siku iliyofuata, Ijumaa, tulinyolewa.

Sikuwa nimesoma ukurasa wa nane. Kuruta wa Marekani akifika kambini anapitishwa kwanza kwa kinyozi, anatoka kichwa kitupu, na filamu lazima ionyeshe hivyo. Tulipangwa foleni mbele ya viti vitatu. Mwongozaji alitangaza kuwa hapa hakuna kurudia, kwa sababu nywele haziungiki. Mimi nilikuwa na nywele nzuri, msione hivi. Mke wangu alizitunza yeye mwenyewe kila Jumapili, kwa mafuta yake na kitana chake, na alikuwa akiwaonyesha wateja kama bidhaa. Nilipokalishwa na mashine ikanguruma, nilifumba macho nikawaza nitamwambia nini. Chozi lilitoka. Mwongozaji alinishika bega baadaye akasema hajawahi kuona hofu ya vita iliyo wazi namna ile. Nilimshukuru. Vita niliyokuwa naiogopa ilikuwa ghorofa ya tano.

Tuliachiwa kabla ya saa sita. Gari lilitushusha kwenye robot, yaani taa za barabarani, karibu na kwetu, tukatawanyika, vipara thelathini vinang'aa juani. Mtanzania alipanda teksi kuelekea msikiti wa Mayfair kuwahi sala ya Ijumaa. Mimi nilipanda ngazi moja moja.

Mke wangu alifungua mlango, kitana mkononi. Hakuniangalia usoni, aliangalia juu. Akapitisha vidole kichwani pangu kama anavyofanya kwa mteja aliyeharibiwa na saluni nyingine.

"Nani njo alikunyoa? Na hii nini, nyuma ya sikio ameacha shamba?"

"Siwezi kusema."

"Juu ya nini hauwezi?"

Nilitaka nimweleze taratibu kwamba kuna jambo siwezi kulieleza. Nikamshika mkono. Nikasema, "Mke wangu, ikala chini kwanza."

Hapo ndipo nilipokosea, na kosa hilo Mmarekani wa kweli asingeweza kulifanya. Kwetu mtu akinyoa kichwa ghafla, amefiwa. Na habari ya kifo haimwagwi mlangoni. Mtu huambiwa kwanza akae chini, kisha anapewa maji, kisha mjomba anakohoa, ndipo anaambiwa. Mimi nilikuja na kipara, nikakataa kusema, nikamwambia akae. Mke wangu alinitazama sekunde moja, akatupa kitana, akajiangusha sakafuni.

"Baba yangu weee! Baba yangu ananiacha!"

"Baba yako mzima! Hakuna mtu alikufa!"

Mlango wetu ulikuwa bado wazi. Ng'ambo ya ushoroba anaishi Mama Prezidente, mkuu wa akina mama wa kanisa letu, mwanamke anayefika msibani kabla ya marehemu. Aliingia na kitambaa cha kichwa tayari amekifunga cha huzuni.

"Eko anakana," alisema akiniangalia. "Mwanaume akikana hivi, si mtu mmoja njo alikufa."

"Mama, nakuapia, hakuna..."

"Nyamaza, papa. Nimeona vichwa vinne tangu saa sita. Kimoja ku robot, viwili ku kaduka ya spaza, kimoja ku ngazi. Bote ni bantu ya kwetu. Na bote nikiwauliza, banasema 'siwezi kusema.' Vraiment, ni ajali kubwa."

Ningesema nini? Neno moja tu lingemaliza yote, na neno hilo lingeninyima ukuta wa parokia. Nikanyamaza, na ukimya wangu ukawa ushahidi. Baada ya saa moja viti vya plastiki vilikuwa vinapandishwa ngazi ghorofa tano. Mikeka ilifuata, kisha masufuria, sombe ya majani ya muhogo na gunia la unga wa bukari, ugali wetu. Akina mama waliketi mguu kwa mguu mpaka ushorobani. Wanaume walinijia mmoja mmoja, wakanikumbatia bila kusema, wakatazama kipara changu wakatikisa vichwa.

Marehemu alikosekana, ikabidi atafutwe. Mke wangu alimpigia baba yake, Likasi. Mzee akapokea mwenyewe. Mke wangu akasikiliza, akafunika simu kwa kiganja, akatuambia kwa kunong'ona kuwa sauti haiko yake, wamemweka mtu mwingine. Kumbe mzee alikuwa anatafuna. Alipomeza ikawa sauti yake, akaondolewa kwenye orodha. Wakaendelea na ndugu wengine. Aliyepokea alishangiliwa, asiyepokea alililiwa. Binamu yangu wa Kolwezi alililiwa muda mrefu, kwa nyimbo mbili na shuhuda tatu, kwa kosa la kuacha simu kwenye chaji. Alipopiga kuuliza kuna nini, mwanamke mmoja aliyekuwa amemlilia zaidi ya wote alimgombeza.

Jioni Mtanzania akarudi, akakuta nyumba imejaa kilio. Alipita kati ya mikeka akisema pole huku na pole kule, akanivuta nyuma ya pazia. Uso wake ulikuwa umekunjamana.

"Kaka, na mimi nimekwisha."

"Wamesema umefiwa?"

"Afadhali ningefiwa! Wamesema nimetoka Umra."

Nilikuwa nimesahau kuwa kwao kipara kina habari nyingine. Anayetoka kuhiji au kufanya Umra hurudi amenyolewa. Alipovua viatu tu msikitini watu wakamwona, wakamkumbatia, wakampongeza kwa kuitembelea nyumba ya Mungu. Mzee mmoja Msomali, mwenye duka la vitambaa, alimshika mikono yote miwili akamwomba amwombee, kisha akamuuliza maji ya zamzam kaleta lita ngapi.

"Ukasema nini?"

"Sikusema uongo, kaka. Nilisema tu, 'Mungu akubali.' Na akubali kweli, hata sinema si ni kazi? Lakini Ijumaa ijayo wanataka maji. Nitayatoa wapi, bombani?"

Tuliketi kitandani pake, vipara viwili, tukisikiliza kwaya upande wa pili wa pazia ikiimba sauti nne kumlilia mtu asiyekuwepo. Tulikubaliana kuvumilia mpaka Jumatatu. Neno litasemwa, uso utapigwa picha, kisha tutaeleza.

Jumamosi asubuhi bado walikuwepo. Chumba chote kilikuwa kinanuka sombe na mkaa. Mke wangu alikuwa amekonda kwa siku moja, amejiegemeza kwa Mama Prezidente, na kila akiniangalia macho yake yaliniuliza. Nilijiona mtu mbaya, na nilikuwa mtu mbaya. Lakini nikiwaza ukuta nilifunga mdomo.

Saa nne simu ya picha ikaita. Mama. Zile simu zote za kutafuta marehemu zilikuwa zimefika kwao na kuzunguka mtaa mzima. Nilibonyeza, nikaweka sauti kubwa, maana chumba kizima kilikuwa kinanitazama.

"Mwana yangu," alisema. Sauti yake ilikuwa tulivu sana, ya mtu aliyekwisha kulia. "Banasema ku kwako beko banalia tangu jana. Na haba bantu kila mtu banamupata muzima."

"Ndiyo, mama."

"Miye nimehesabu bote. Umebaki weye. Kama ni weye njo ulikufa, usinifiche."

Mtu mmoja nyuma alicheka, akazibwa mdomo.

"Mama, mbona niko nasema na weye!"

"Sauti naisikia," alisema. "Sura sikuone."

Niligeuza simu, nikaisogeza kwenye uso mpaka kioo kikaingia ukungu wa pumzi yangu. "Hii hapa, mama. Angalia."

"Ni giza tu, mwana yangu. Bafu nabo beko na giza."

Maiti nao wana giza. Nilikuwa nimejificha ili aje anione, na kwa kujificha nilikuwa nimemfanya anizike. Nikasema yote, kwa sauti ya gwaride, palepale, mbele ya watu arobaini na masufuria. Kwamba hakuna aliyekufa. Kwamba ni sinema. Kwamba mimi ni askari wa Marekani mpaka Jumatatu, na kambini wananyoa watu. Kwamba nilinyamaza kwa sababu nilitaka aje anione ukutani, parokiani, na tundu za pua.

Mama Prezidente ndiye aliyeanza.

"Sinema?"

"Sinema, mama."

"Ya vita?"

"Ya kujifunza vita. Vita yenyewe bado."

Alitazama sufuria la sombe, akatazama akina mama wake, akapima. "Sawa. Chakula imeiva," alisema, na wakaanza kupakua. Mke wangu alivua kandambili moja akanipiga nayo begani, mara tatu, kisha akanikumbatia, kisha akanipiga tena. Baada ya kula walinilazimisha niwaonyeshe gwaride. Nikaanza mwenyewe, kushoto kulia, Mtanzania akatoka nyuma ya pazia akajiunga, na akina mama wakaingia nyuma yetu na mwendo ule ambao Sajini hakuweza kuutibu. Tulikwenda mpaka mwisho wa ushoroba na kurudi. Wapangaji wa ghorofa ya nne walipiga dari kwa ufagio.

Simu ilikuwa bado wazi. Nilipoichukua, mama alikuwa bado yuko.

"Donc," alisema, "utaonekana ku ukuta?"

"Nitaonekana, mama. Kama hawajanifukuza."

Yangeishia hapo ningekuwa salama. Mama Prezidente, kwa upendo, alituma ujumbe wa sauti kwenye kundi la kwaya kuwaondolea watu wasiwasi. Ulikuwa wa dakika saba pamoja na sala ya kuombea filamu, mwongozaji, na bendera ya Marekani. Ulitembea Jumapili nzima. Nasikia ulifika mtaa wa Alexandra ukarudi. Jumatatu nilipofika kambini dada wa buti alikuwa ameusikia, hakuelewa maneno, lakini jina la filamu, nililowatajia wakati wa kula, alilielewa, maana Mama Prezidente alilitaja mara kumi na moja.

Hawakunifukuza kabisa, walinihurumia. Walinipeleka mstari wa nyuma kabisa, na neno langu akapewa Mtanzania. Alikuja kuniomba radhi na machozi. Nilimfundisha mwenyewe namna ya kusimama. Sajini aliita, yeye akajibu, "Nipo, Sajini!", kamera ikamsogelea, naye akasoma barua ya mama. Mimi nilitazama kisogo cha mtu wa mbele yangu. Barua yenyewe ilikuwa karatasi tupu, Mtanzania aliniambia baadaye. Iliniuma, sitaficha. Niliporudi getini nilisimama wiki nzima bila kumsalimu mwenye gari yeyote.

Mtanzania alirudi Mayfair kuungama Ijumaa iliyofuata. Yule Msomali alicheka mpaka akakaa, akamwagizia chai ya maziwa, akamwambia sasa ajipange aende kweli.

Filamu ilitoka zaidi ya mwaka baadaye. Mpwa wangu wa Lubumbashi aliipata, kwa njia ambayo sikumuuliza. Nilimwambia mama asisumbuke kwenda, mimi nimo nyuma huko, kipara kati ya vipara, hata mke wangu hatanitambua. Akaenda. Katekista akaahirisha mechi iliyopangwa kuonyeshwa ukutani. Dada yangu alinipigia simu ya picha kutoka ukumbini ili nione nami. Nilikuwa zamu, geti mchana, magari machache.

Kwenye kioo changu cha simu niliona ukuta mdogo, na watu wadogo. Sehemu ya barua haikuwemo. Waliikata yote, neno, bahasha, Mtanzania, kila kitu. Nilianza kucheka peke yangu. Halafu dada yangu akapiga kelele, na mpwa wangu akaisimamisha picha.

Ilikuwa mimi. Ijumaa ile, kwenye kiti cha kinyozi. Kuanzia nywele zinazoanguka mpaka kidevu, hakuna kingine. Macho yamefumbwa, chozi kwenye shavu, tundu za pua mbili. Nilikuwa mrefu kuliko mlango wa ukumbi. Mama aliinuka kwenye kiti chake cha mbele. Nilimwona kwa kisogo, mdogo kabisa kwenye simu yangu, nikalazimika kukaza macho ili nimwone. Alisogea mpaka ukutani akaweka kiganja kwenye shavu langu. Kisha akasema jambo, na dada yangu akasogea ili nisikie.

"Kuko nywele ku sikio yake."

"Ni sinema, mama," mpwa wangu alisema. "Haitoke."

"Letea maji."

Wakamletea. Akalowesha ncha ya kitenge chake akasugua ukuta, pale kwenye sikio langu, kwa subira, kama alivyonisugua nilipokuwa mdogo kabla ya misa. Alisugua mpaka chokaa ikaanza kutoka. Mimi nililia getini, na sare yangu na kofia yangu, na sikujali nani ananiona. Dada yangu akampa simu.

"Nimekuona, mwana yangu," alisema. "Umekonda. Na ile nywele imekatala kutoka."

"Ndiyo, mama."

"Usiitoe. Siku utakuya, nitaitoa miye mwenyewe."

Nikashika sikio langu, nikamwambia sawa, mama, sitaigusa.